Mche wa Podo Ndani ya Miiba

Nilipokuwa na miaka tisa, jambo la mwisho la kawaida kabla mchana ule haujaharibika lilikuwa utani wa nyanya. "Mume wangu," aliniambia, kama nyanya wa kwetu Nyamira wanavyowaita wajukuu wa kiume, "palilia chai vizuri, la sivyo nitaolewa na mwingine." Nilipalilia hadi akanisifu. Sifa zilinipanda kichwani, nikachukua jembe langu nikaenda juu ya kilima.

Huko ulikuwa msitu mdogo wa ukoo wetu, ulioteketea miaka miwili kabla. Palikuwa pameota miiba mitupu, na ndani yake mche mmoja wa podo, urefu wa goti langu. Sikuona mwingine. Niliuhurumia. Nikafyeka miiba yote iliyouzunguka, nikang'oa hata mizizi, nikaacha udongo mtupu.

Nyanya alipofika aliketi chini ghafla, mikono kichwani, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Umefanya nini?"

"Magokoro," nilimwita nyanya kwa lugha yetu, "nimeusaidia. Ulikuwa unabanwa."

"Unabanwa? Ulikuwa unalelewa!" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Anayeunyang'anya mti mchanga mlezi wake, siku moja atamnyang'anya mtoto wake mwenyewe mlezi pia."

Jua la wiki ile liliukausha mche. Kilichobaki kililiwa na mbuzi.

Chuo kikuu nilisomea misitu, kisha nikawa mwalimu wa somo hilo. Nilijifunza kwamba ardhi ikiungua, mimea ya kwanza kuota, hata yenye miiba, huupoza udongo na kuzuia upepo na mifugo, na miti inayokua polepole huanza maisha kivulini mwake. Baadaye miti huipita miiba, nayo miiba hufa kwa kukosa jua. Nilifarijika. Nyanya alikuwa ameona sawa; laana, nilidhani, ilikuwa nyongeza tu. Mke wangu nilipomsimulia alicheka: "Basi nikikuchoma, vumilia."

Mke wangu alifariki mwaka huu. Dada yake, Kwamboka, alibaki nasi baada ya mazishi. Alikuwa na ulimi: chai yangu ni maji, shati langu ni la mlevi, na Moraa, binti yangu wa miaka saba, anaoga kama paka. Mimi nilitaka utulivu. Wiki ya tatu nilimwambia, kwa adabu, arudi kwake Magwagwa.

Siku ya nne baada ya Kwamboka kuondoka, Moraa alikataa kula. Alikaa tu, akiitazama sahani.

"Unataka nini, mama?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu wa kunigombeza," alisema.

Nilikumbuka maneno ya nyanya. Siamini laana, wala siku hiyo sikuamini. Kilichonishtua ni kwamba nilikuwa nimelisomea jambo hili, nimelifundisha, na mikono yangu haikuwa imejifunza lolote. Labda nyanya hakuwa akinitishia adhabu. Alikuwa amenitazama nikifanya kazi, akajua nitaifanya tena.

Asubuhi iliyofuata nilimshika Moraa mkono tukaenda Magwagwa. Kwamboka alikuwa uani akimenya ndizi pamoja na majirani wawili. Hakusimama.

"Shemeji, umepotea njia? Na huyu mtoto mbona amekonda hivyo, mlikuwa mnakula vitabu?"

Majirani wakacheka. Nilisimama pale pale, mbele yao, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba arudi.