Tazama Mkono Kabla ya Uzi

Naikumbuka vizuri siku ile ya masika, mwanangu, nilipopanda basi Kibondo kwenda Kasulu nikiwa nimeipakata raketi ya mdogo wangu kama mtoto mgonjwa. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika, na Jumamosi Leokadia alikuwa anakwenda kushindania nafasi katika timu ya wilaya ya mpira wa vinyoya.

Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu. Wazazi walipotutoka niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikashika jembe ili wadogo zangu waendelee kusoma. Leokadia ndiye aliyenifuata. Raketi aliachiwa na mwalimu wa michezo, mwenyeji wa Mbeya, siku alipohamishwa. Nyuzi za kwanza zilipokatika, fundi baiskeli wetu alimfungia mshipi wa kuvulia samaki uliotoka Kigoma, akaukaza kwa koleo huku ameikanyaga raketi. Tulimsifu sana. Kumbe mshipi umeundwa kuvuta samaki, haudundi. Kinyoya kikiugusa kinafia palepale, na mkono ndio unaolazimika kukisukuma.

Mshipi nao ukakatika. Asubuhi ya safari Leokadia alinisindikiza hadi stendi.

“Dada, mwambie achague uzi mwembamba kuliko wote, aukaze mpaka ulie. Mabingwa wanakaza hivyo.”

“Nani kakwambia?”

“Kila mtu anajua. Wewe unajua maharage.”

Nilicheka, nikapanda basi. Nilikuwa nimeshaona kwamba siku hizo ndoo ya maji aliibeba kwa mkono wa kushoto, na nilipomuuliza alisema amelalia vibaya. Sikumchimba zaidi. Yatima ananyimwa mengi, mwanangu, na hili moja sikutaka alikose.

Kasulu palikuwa na duka la Bwana Athumani, mzee ambaye watu wake walitoka Tanga. Aliuza vitambaa na mipira, na nyuma ya duka alikuwa na mashine ndogo ya mezani ya kufungia nyuzi za raketi, yenye uzani unaosogezwa kwenye mkono wa chuma kuonyesha umekaza ratili ngapi. Nilimweleza nilichotumwa.

“Na mwenye raketi yuko wapi?”

“Shuleni, Kibondo.”

“Basi umeniletea kiatu, mguu umeuacha nyumbani.”

Wateja wakacheka. Mzee akaigeuza raketi dirishani, akanionyesha palipokatika: pembeni kabisa, karibu na fremu. Mtu anayepiga katikati, alisema, nyuzi zake huchakaa katikati. Huyu bado anakikosa kinyoya, anakidaka kwa ukingo. Uzi mwembamba ukipigwa pembeni hauna maisha. Tena uzi uliokazwa sana humtii yule tu mwenye pigo kali na la hakika. Kwa mwingine unakuwa ubao, na mtikisiko wote unapanda kwenye kiwiko.

“Mkono wake una maumivu?”

Nikamwambia habari ya ndoo.

Mzee akaurudisha rafuni uzi mwembamba aliokuwa ameushika. Hakupandisha sauti. “Uliyaona hayo, na bado ukaja kuniambia niukaze mpaka ulie? Binti, unampenda mdogo wako, nami naona. Lakini huruma inayofumba macho haimsaidii anayehurumiwa.”

Yale maneno yaliniingia kuliko kiboko. Nikamwomba afunge anavyoona yeye. Alichukua uzi mnene kidogo, akaukaza ratili ishirini tu, akaniagiza mtoto apumzike hadi siku ya mchezo.

Niliporudi nyumbani, Leokadia aliupima uzi kwa kidole gumba, uso ukambadilika.

“Dada, hii si raketi. Hili ni chandarua.”

“Piga kwanza, ununie baadaye.”

Alipiga mara chache tu uani, akiwa amenuna hivyohivyo. Kinyoya kikaruka juu ya kamba ya nguo, kikapita choo, kikaangukia kwenye migomba ya jirani. Alikwenda kukifuata. Aliporudi alikuwa akiukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia, ananitazama kwa pembeni. Nikamwambia sasa apumzike, na safari hiyo hakubisha.

Ningependa kukwambia kwamba Jumamosi alichaguliwa. Hakuchaguliwa. Alishinda mechi mbili, ya tatu akafungwa na msichana wa Gwarama aliyemzidi wepesi wa miguu. Alilia njia nzima, nami sikumnyamazisha. Lakini alirudi nyumbani na mkono mzima, na Jumatatu alikuwa uwanjani. Mwaka uliofuata alikwenda Kasulu mwenyewe. Bwana Athumani akamtazama anavyopiga, akamwongeza ratili mbili. Mwaka huo jina lake lilisomwa la pili kwenye orodha ya waliochaguliwa, na kilio chake siku hiyo kilikuwa cha namna nyingine.

Sasa nawaona ninyi mnatazama mabingwa kwenye simu, mnataka nyuzi zao na ratili zao. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mwanangu. Bingwa amejenga mkono wake miaka mingi ndipo akaukaza uzi. Wewe anza na uzi wa kulegea kiasi, ukusaidie kukirusha kinyoya mbali. Kama duka liko mbali kama lilivyokuwa kwetu, chukua mnene, utadumu. Ukianza kupiga katikati bila kutafuta, ongeza ratili moja, ungoje, uusikilize mkono. Ukiuma, usiufiche, waambie wanaokupenda. Na siku utakapolea wadogo wako, au wanao, usikimbilie kuwapa kila waombacho kwa sababu umewaonea huruma. Watazame kwanza walivyo leo, uwape kinachowafaa leo, hata wakikununia.

Mungu akulindie viungo vyako, akupe mtu wa kukwambia kweli kwa upole, na akikunyima ushindi mwaka huu, akuachie hamu ya kurudi uwanjani.