Viatu vya Saida Visivyo na Jozi

Siku yangu ya kwanza ghalani Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mwenye ghala alinipa kisu cha kukatia katoni na onyo moja. Tulimwita laoban, kama Wachina wanavyomwita bosi. "Mzigo ukiondoka na sahihi yako, kosa ni lako," alisema. Nilikuwa nimetoka bandari ya Dar es Salaam, karani wa kuhesabu shehena, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa kumshuku mtu.

Mkaguzi hufungua katoni, hulinganisha kilichomo na orodha ya mizigo, kisha husaini, ndipo kontena linapigwa lakiri, yaani kufuli la bati lenye namba. Wenzangu walifungua chache tu. Mimi nilifungua zote. Wateja walininunia, nami sikujali.

Ndipo akaja Bwana Nadim, Mlebanoni aliyekulia Tanga, na katoni mbili za kwenda Saida, bandari kongwe ya kwao. Nikakata. Viatu vya ngozi vya kiume, vipya, lakini hakuna hata jozi moja iliyokamilika. Nikajua nimemnasa. Wajanja wa wakati ule walipeleka vya kulia bandari moja na vya kushoto nyingine, wakavitelekeza forodhani bila kulipa ushuru, kisha wakavinunua mnadani kwa bei ya kutupa. Nani mwingine angegombea kiatu kimoja?

"Vya pili viko wapi, bwana?"

"Sina, kaka. Hivi ni vya maonyesho, si unajua kule soko la viatu la Zhanxi wanaanika kimoja kimoja? Ni vya watu wa mtaani kwetu waliopoteza mguu vitani. Baba yangu yumo. Anataka kwenda kuswali Idi na kiatu kipya."

Uongo mtamu, nikawaza. Sikusaini. Laoban aliponisikiliza alisema tu, "Kalamu ni yako." Meli ikaondoka. Katoni zilipanda meli iliyofuata kwa sahihi ya laoban mwenyewe, na Idi ikazitangulia.

Miezi kadhaa baadaye Nadim aliniwekea picha mezani. Wazee wameketi mbele ya ngome ya baharini ya Saida, kila mmoja na kiatu kimoja kipya. Kiti cha mwisho hakina mtu, kina kiatu tu.

"Baba alikwenda kuswali na kile cha zamani," alisema. "Tulimzika wiki ile ile."

Nimestaafu sasa. Vijana wa kazi hii huniuliza kama niliwahi kupitisha mzigo wa magendo. Hata mmoja, huwajibu, na zamani nilijivunia jibu hilo. Kisu nilikirudisha siku ya kuagwa. Picha ninayo bado; Nadim hakuidai, na mimi sikumwomba radhi.