Mtoto Tuliyemwacha Taveta

Harufu ya mkonge uliotoka kusindikwa ni kama majani yaliyooza yakachanganywa na sabuni ya kufulia, na hunata kooni. Wanaoishi karibu nayo huizoea wakaacha kuisikia. Mimi nilikutana nayo nikiwa na miaka tisa, na mpaka leo basi likipita karibu na kiwanda cha mkonge nafunga dirisha. Jirani wa kiti akiniuliza, nasema ni vumbi. Ninyi nitawaambia ukweli.

Kwetu ni milimani, juu ya Soni, ambako ukungu wa asubuhi huingia mpaka jikoni. Baba alikuwa mkulima wa kabichi na mapeasi, mzee wa kanisa, na balozi wa nyumba kumi. Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa, na Baba aliuamini ujamaa kama alivyoiamini katekisimu, bila kuruka mstari. Alikuwa wa kwanza kufika shamba la kijiji. Sukari ya mgao ikija, ya kwetu ilipimwa mwisho, na mara nyingi ilikuwa ile iliyokung'utwa kwenye pindo za gunia, ina nyuzi ndani. Tulikunywa chai na nyuzi zake, na Baba akisema ni tamu.

Mama alikuwa amezaa mara tatu, na aliyekuwa hai nilikuwa mimi peke yangu. Hospitali walimwambia asijaribu tena. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani, lakini watoto husikia.

Baba alikuwa na ndugu mmoja tu, Shangazi Estheri, aliyemfuata mwanamume mkata mkonge mpaka Kenya, kwenye shamba moja nje ya mji wa Taveta. Barua yake ilikuja mara moja kwa mwaka. Kisha ikaja moja yenye mwandiko wa mtu mwingine. Estheri alikuwa amefariki kwa uzazi. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda pwani kutafuta kazi kabla mtoto hajazaliwa, na hakusikika tena. Mtoto alikuwa mzima, msichana, na Estheri alikuwa amewahi kumpa jina la mama yao: Mkunde. Mwandishi alikuwa jirani yake, Mama Wakesho. "Namlea kwa maziwa ya mbuzi," aliandika, "lakini nina wangu watano. Njooni mumchukue mtoto wenu."

Baba alipomaliza kuisoma kwa sauti, Mama alinyanyuka, akafungua sanduku, akatoa nepi zilizokuwa humo tangu alipokufa mdogo wangu wa mwisho. Akazianika zote juani, ingawa hazikuwa zimelowa.

Safari haikuja upesi. Baba alisema kwenda nchi ya watu si kwenda Mombo. Alitaka barua ya mchungaji, kisha barua ya mwenyekiti wa kijiji, kisha avune kabichi. Tulipoondoka, Mkunde alikuwa ameshatimiza mwaka na miezi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Mama alisema mtoto atamzoea mtoto mwenzake kabla ya kuwazoea wakubwa.

Nilikuwa nimewatangazia wenzangu shuleni kwamba nakwenda nchi za nje, na wengine walielewa kuwa ni Ulaya, sikuwasahihisha. Tulipokaribia mpaka nilifumba macho ili niyafumbue nikiwa Kenya nione kila kitu kwa mpigo. Nilipoyafumbua niliona udongo uleule mwekundu na mbuzi walewale, na mmoja alikuwa anakula gazeti. Nilihuzunika kidogo.

Kisha tukafika kwenye shamba, na harufu ile ikanipokea.

Mama Wakesho alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyochanwachanwa na miiba. Nilimwamkia shikamoo, akanishika kidevu, akaniangalia sana. "Huyu kweli ni damu ya Estheri," alisema. Akaita, na kutoka nyuma ya nyumba za wafanyakazi akaja mtoto anayetembea kwa kuyumba, kashika kipande cha muhogo. Paji la uso lilikuwa la Baba. Mama alipiga magoti pale pale vumbini. Hakumkumbatia, alimpangusa tu kamasi kwa upindo wa kanga, taratibu, kama mtu anayefuta kioo.

Tulikaa siku tatu. Nilimbeba Mkunde mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni, nikamfundisha kusema "Neema", jina langu, akawa anasema "Mema". Usingizi ukimshika alinishika sikio.

Siku ya pili Baba alikwenda kwa chifu kuaga na kuonyesha barua zake. Alirudi amezikunja mkononi.

"Anasema hizi ni za kijiji na za kanisa," alimwambia Mama. "Anataka barua ya wilaya yenye muhuri, inayosema mimi ni mjomba wa mtoto. Bila hiyo hawezi kuniruhusu nimvushe."

Mama Wakesho alicheka kidogo. "Mzee, kuna njia ya mbuzi hapo nyuma ya mashamba. Watu wa hapa wanapita kila siku kwenda sokoni kwenu. Mbebeni mwende zenu. Nani atamhesabu mtoto mmoja?"

Mchana ule Mama alikuwa anafua nyuma ya nyumba, na Baba akamfuata. Waliongea Kishambaa ili mwenyeji asielewe, wakanisahau mimi niliyekuwa nimekaa na Mkunde kwenye kivuli cha ukuta.

"Baba Neema, tumchukue," Mama alisema. "Njia ipo."

"Hiyo ni njia ya magendo."

"Mtoto si kahawa."

"Mimi ni balozi. Kila mkutano nawaambia watu wasivushe hata kilo ya sukari. Wakiniuliza huyu amepita wapi, nitajibu nini? Ni wiki mbili tu, Mama Neema. Narudi na muhuri, namchukua mchana kweupe, hakuna atakayemnyooshea kidole maisha yake yote. Subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," Mama alisema, akaendelea kukamua nguo iliyokuwa haina tena tone la maji.

Na mimi, msinicheke, nilimwona Baba ni mtu mkubwa siku ile. Tulikuwa tumefundishwa shuleni kuwachukia wafanya magendo, na huyu hapa baba yangu, amewashinda.

Asubuhi ya tatu tuliondoka. Mama alimvika Mkunde sweta alilomfumia, ingawa Taveta ni joto. Mimi nilimwambia, "Tunarudi keshokutwa." Hakulia. Watoto wa Mama Wakesho walikuwa wamemfundisha kupunga mkono, na alifurahia sana kuupunga, akaupunga mpaka tukapinda kona.

Barua ya wilaya ilipatikana baada ya mwezi. Baba aliiweka ndani ya Biblia isikunjike. Lakini ilikuwa wiki ya palizi katika shamba la kijiji, na alisema balozi asipoonekana, nyumba kumi zote hazitaonekana. Baada ya palizi zikaja mvua, barabara ya kushuka Mombo ikaporomoka. Mama hakumsukuma. Alipika, alichota maji, aliimba kanisani. Kila Jumapili Baba alisema, "Wiki ijayo."

Jioni moja mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa na redio, alimwita Baba nyumbani kwake. Baba aliporudi alikaa kwenye kigoda bila kuvua kofia. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mpaka umefungwa," Baba alisema.

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

Mama alimaliza kumenya viazi vyote vya siku ile, kisha akamenya na vya kesho.

Miaka iliyofuata, kila Krismasi aliponishonea gauni, kitambaa kilichobaki alishona gauni jingine dogo. La kwanza lilikuwa la mtoto wa miaka miwili. Lililofuata, la miaka mitatu. Aliyakunja akayaweka sandukuni, na hatukuuliza. Alifika gauni la miaka sita, kisha mwaka mmoja hakushona. Wakati wa Pasaka nikawaona watoto wa jirani wamevaa yote, kuanzia mdogo mpaka mkubwa.

Mpaka ulipofunguliwa nilikuwa msichana mkubwa. Baba alikwenda peke yake na barua yake iliyoanza kuwa njano. Zile nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimebomolewa. Bibi mmoja muuza ndizi alimwambia kwamba Mama Wakesho alihama zamani na watoto wake sita, labda Voi, labda Mombasa. Baba alifika mpaka Voi, akauliza sokoni na makanisani. Alirudi siku ya tano amekonda. Mama alimuuliza swali moja tu: "Umekula?"

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba Mkunde tulinyang'anywa na wakubwa wa serikali mbili waliogombana. Nilipokua nikamhukumu Baba na karatasi zake, na kwa miaka mingi nilimwamkia kwa adabu bila upendo. Nilidhani ninabeba hasira ya Mama kwa niaba yake, maana yeye hakuwahi kuisema.

Baba alifariki bila sisi kuzungumza. Mwaka uliofuata nilikuwa nimekaa na Mama jikoni, mguu wake unauma, namkanda kwa maji ya moto. Nikamwambia kwamba sijamsamehe Baba kwa ajili ya Mkunde. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Baba yako?" alisema. "Baba yako alifanya vile alivyokuwa. Nilimjua hivyo nilipoolewa naye. Asubuhi ile ya kuondoka, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mtoto. Njia niliiona kwa macho yangu, haikuwa mbali kama kutoka hapa mpaka kanisani. Ningembeba nikaenda, baba yako angenifuata. Asingenipigia kelele, asingeniripoti popote. Nililijua hilo, Neema, na nikakamua nguo."

Nikaendelea kumkanda. Nilitafuta neno la kumwambia kwamba haikuwa hivyo, na sikulipata, kwa sababu ilikuwa hivyo.