Tiki Nyekundu za Mwalimu Fumie

Mwalimu Fumie hakumwamini mtu, na mtaani kwetu Ueda, huku Japani, hakuna asiyelijua hilo. Mwuza samaki akimwambia samaki ni wa leo, yeye humfunua kwanza yule samaki mashavu. Enzi zake darasani, mtoto akipata jibu sahihi, kabla ya kumsifu alimtazama jirani yake wa dawati. Hapo ndipo aliposhika kalamu nyekundu: jibu sahihi akalizungushia duara, na kosa akalichapa tiki. Ndivyo walimu wetu wote wanavyosahihisha. Watu wazima na vipara vyao, hadi leo wakiona tiki nyekundu wanajua wamekosa.

Tangu afiwe na mumewe aliishi peke yake, na mtu mmoja tu mwingine alikuwa na ufunguo wa nyumba: mkwewe Satsuki, mke wa mwanawe Takehiko. Satsuki alifanya kazi maktaba ya mji. Kila Jumamosi alikuja, akajifungulia mlango, akavua viatu na kuita, "Mama, nimefika!" Takehiko ndiye aliyeshikilia apewe ufunguo. "Ukianguka bafuni, Mama, nani atajua?" Mwalimu akautoa huku roho ikimuuma.

Basi vuli hii kompyuta yake ikazeeka. Humo aliandika waraka wa mtaa, maana mwaka huu zamu ya kuwa mjumbe wetu ilikuwa yake, na humo zilikuwamo picha za marehemu mumewe. Satsuki akaung'oa mfumo wake wa zamani, akaiwekea mwingine, Linux.

"Kiasi gani?" Mwalimu akauliza.

"Bure, Mama."

"Bure?"

"Bure kabisa. Watu wanaitengeneza na kuigawa."

"Watu gani?"

"Wengi tu. Wa dunia nzima."

"Na wao wanapata nini?"

Satsuki akacheka. Mwalimu hakucheka. Mtu anakesha akikutengenezea kitu, halafu hataki hata asante? Aka! Siyo yeye wa kudanganywa hivyo.

Alipomsimulia jirani yake, kinyozi Hirabayashi, yule bwana naye akatia pilipili kwenye kidonda. "Mwalimu, cha bure kina mwenyewe. Huyo mkweo ana lake jambo."

"Mimi nina nini cha kutamaniwa?"

"Nyumba," akasema Hirabayashi, akaendelea kunoa wembe wake.

Neno hilo Mwalimu alienda nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo.

Jumamosi iliyofuata akalalamika kwamba menyu ya kompyuta imejaa makorokoro, hata asijue pa kubonyeza. Satsuki akamfungulia mahali pa kuipangia. Majina ya programu yalishuka moja chini ya jingine, kila moja na kisanduku chake pembeni. "Hapa unapanga mwenyewe, Mama. Unachotaka kinaonekana, usichotaka unakificha. Hakuna kitakachofutwa, usiogope." Hapo simu ya maktaba ikamwita, akaondoka mbio, mkono mmoja wa koti ukining'inia.

Mwalimu akavaa miwani. Lo! Kila kisanduku kina tiki, tena nyekundu. Programu ya kuandikia, tiki. Ya picha, tiki. Hata saa ya watu, tiki!

"Ebo! Kwa hiyo kila ninachotumia mimi ni kosa?" Hasira zikampanda. Mtoto wa juzi kuja kumsahihisha yeye, aliyesomesha nusu ya mji huu! Akavuta kiti, akaurudia mtihani kwa haki. Alichokitumia akakiondolea tiki. Yale madude asiyoyajua akayaacha na tiki zao, maana hayo kweli yalikuwa makosa. Akazima kompyuta, akanywa chai yake, moyo mweupe.

Kesho yake asubuhi akaenda makaburini kupeleka maua. Aliporudi na kuwasha kompyuta, programu ya kuandikia haikuwapo. Ya picha haikuwapo. Menyu imebaki madude matupu: moja linafungua dirisha jeusi tii, jingine mchezo wa kutegua mabomu. Mumewe hayumo popote.

Akazima, akawasha tena, wapi! Programu alizipanga mwenyewe, kwa mkono wake, na alipotoka mlango aliufunga. Nani mwingine ana ufunguo? Kikulacho ki nguoni mwako. Leo picha, kesho hati za nyumba, keshokutwa yeye mwenyewe kupelekwa kwenye nyumba ya wazee. Akampigia simu fundi wa vitasa.

Kitasa kipya kikafungwa. Fundi akampa funguo mbili, naye zote akazitia mfukoni mwa aproni. Hakumwambia mtu, hata Takehiko.

Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu alisimama nyuma ya mlango, kimya, pumzi ameibana. Akausikia ufunguo unachokora. Ukatolewa, ukapanguswa, ukachokora tena. Ahaa, moyo wake ukasema, leo umekwama!

"Mama?"

Mwalimu akazishika funguo mfukoni zisilie.

"Mama, uko ndani?" Kisha sauti ikabadilika. "Mama! Umeanguka? Mama, nijibu!" Kiganja kikaupiga mlango, kikaupiga tena. Viatu vikakimbia kuzunguka bustanini, dirisha la bafu likagongwa, na sasa ilikuwa wazi kwamba aliyekuwa nje analia. "Mama, nisubiri, nakuja! Nisubiri!"

Mwalimu akafungua.

Satsuki alirudi mbio amelowa chapachapa, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Akamshika mama mkwe mabega, akamtazama kichwa hadi miguu kama yu mzima. Ndipo macho yake yakaangukia kitasa, kinang'aa, kipya.

"Umebadilisha kitasa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu?"

"Picha za baba yake Takehiko umezipeleka wapi?"

Satsuki alivua kile kiatu kimoja, akapangusa miguu, akaenda kuketi mbele ya kompyuta. Akafungua pale pa kupangia menyu, akatazama sana.

"Mama, tiki hizi kaziondoa nani?"

"Mimi. Ulinichapa makosa kila mahali, nikayaondoa."

"Makosa?"

"Tiki nyekundu, Satsuki! Usinifanye mtoto. Kwenye fomu ya benki tiki ni kuchagua, najua. Lakini nyekundu! Nani katika nchi hii alipewa tiki nyekundu akaambiwa amepata?"

Satsuki akafumba macho kidogo. "Tiki ndiyo inayoonyesha kitu, Mama. Ukiiondoa, kinajificha. Hiyo rangi niliiweka mimi. Nilidhani itakufurahisha, kwa sababu ya kalamu yako."

Akabonyeza. Tiki ikarudi, picha zikarudi. Marehemu huyo hapo, amekumbatia figili kubwa kuliko mtoto, anacheka meno yote nje.

Mwalimu alitamani mkeka ufunuke aingie chini yake. Aibu, jamani, aibu ya mtu mzima! Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo mmoja, akauweka mbele ya mkwewe. "Nimekosa, mwanangu. Chukua, huu ni wako."

Satsuki aliutazama. Akausogeza kurudi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Kaa nao, Mama. Mimi nitapiga kengele." Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

Siku hizi menyu Mwalimu anaipanga mwenyewe, na tiki zake nyekundu hataki ziguswe. Na yeye, aliyekuwa akifunga mlango hata akienda kuchukua gazeti langoni, Jumamosi anauacha bila kufunga tangu alfajiri. Mtaa mzima tunajua. Satsuki naye anajua. Anakuja, anafunga mwavuli wake, anapiga kengele, na anasimama nje mpaka afunguliwe.