Tambi za Kahawia kwenye Sinia Moja

Siku ile tulikuwa sita. Mimi, mume wangu, wifi yangu, yaani dada mdogo wa mume wangu, aliyepanda kutoka Kihurio alikoolewa, binti yetu kitinda mimba aliyekuwa nesi kule Gonja, na wajukuu wawili, wote wa kike, watoto wa mwanetu mkubwa, tuliokuwa tunawalea. Majina yao yote ninayo, mpaka la mbuzi aliyekuwa kafungwa nyuma ya jiko. Lakini ni majina ya nyumbani, nayaacha nyumbani.

Kulikuwa na ukungu. Hapa kwetu Mamba, milimani, ukungu ukishuka unaingia hadi jikoni, unakaa na watu. Nikiikumbuka siku ile naona kila kitu kama kimefunikwa khanga nyepesi: moto, sufuria, tangawizi zilizorundikwa pembeni na harufu yake.

Mume wangu alikuwa amekutwa na kisukari. Wiki nzima nilimpikia chakula chake peke yake, na wiki nzima sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Suruali alishaanza kuifunga kwa kamba.

Binti akatoa mkobani pakiti mbili za tambi alizonunua Moshi. Si zile nyeupe tulizozoea Jumapili tangu maduka yalipojaa tena. Hizi zilikuwa za kahawia, rangi ya nyasi za paa kuukuu.

"Shikamoo, baba. Hizi ndizo zako. Ngano yake haikukobolewa, haipandishi sukari haraka kama zile nyeupe."

"Marahaba." Akaigeuza pakiti. "Mwanangu, mimi nimepanga foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mpaka viatu vikaisha. Nikaapa, nikikiona tena chakula cheupe sirudi nyuma. Sasa mnanirudisha?"

"Ni kama dawa, baba."

"Dawa nipe kwenye kijiko. Chakula nakula na wajukuu zangu."

Ndipo nikaelewa zile sahani zilizorudi. Nikasema, "Basi leo hakuna sufuria ya mgonjwa. Nyeupe zikae kabatini. Tunakula hizi wote."

Sasa, nafaka yenye ganda lake mimi naijua. Makande unayabandika asubuhi, unakwenda shamba, unarudi ndiyo kwanza yanaanza kulainika. Nikatia pakiti moja, nikasogeza kuni, nikaenda zangu kuchuma mchicha.

Niliporudi, wifi alikuwa ameinua mwiko, na kitu kama gundi kinaning'inia.

"Wifi, leo tunabandika mabango?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, dakika kumi tu! Hayo si makande!"

Na mume wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali. Kicheko kilikwenda ukunguni huko, kikachelewa kurudi.

Pakiti ya pili binti aliipika mwenyewe, macho kwenye saa. Mimi nikaunga maharage kwa vitunguu, tukamimina vyote kwenye sinia, tukalizunguka mkekani.

Mjukuu mdogo akauliza, "Babu, zimeungua?"

"Hazijaungua, mama. Zimevaa sweta tu, si unaona baridi?"

Mume wangu akachota. Akatafuna muda mrefu, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko mbali bondeni.

"Yanga ilikuwa mbaya zaidi," akasema.

Mimi sikula. Nilikuwa nautazama mkono wake. Ukarudi kwenye sinia mara ya pili. Ukarudi mara ya tatu. Wifi mpaka leo anashikilia kwamba ile ya tatu hakula, alikuwa anamsogezea mdogo maharage. Mimi kila nikifumba macho nauona mkono ule katikati ya ukungu, unakwenda mdomoni kwake, taratibu.

Wajukuu zangu, ninyi mlikaa naye bega kwa bega. Kama tonge lile la tatu mlilila ninyi, njooni mniambie, nami nitalifuta kwenye hadithi hii.