Kibanda cha Akina Gagnier Ndani ya Bendera Nyekundu

Odile Gagnier hakuwahi kumaliza kahawa yake asubuhi ile. Kibanda cha uvuvi cha marehemu mumewe, Armand, kilikuwa kimekutwa ndani ya eneo lililozungushiwa bendera nyekundu, karibu kabisa na bomba linalovuta maji ya kunywa ya mji mzima.

Ziwa likiganda, kutoboa barafu na kuvua kuliruhusiwa pale. Kuvua ndani ya bendera kulikuwa marufuku, na ukoo uliokamatwa haukanyagi tena ziwa hilo. Tena kila kibanda lazima kiandikwe jina la mwenyewe. GAGNIER: Armand alilipaka mwenyewe kwa rangi nyeupe, na sasa kila mpita njia alikuwa akilisoma.

Odile alivaa koti lake la kanisani, akavuka barafu mgongo umenyooka.

"Bi Odile!" jirani yake Wendell alimpokea. "Kumbe samaki wa bombani ndio wanono?"

"Cheka tu, Wendell. Kibanda chako mwaka juzi kilizama na chakula chako cha mchana."

Watu waliangua kicheko. Thayer, mlinzi wa ziwa, hakucheka.

"Nisamehe, mama. Jina ni lenu, na kibanda kiko hapa."

"Kiinueni."

"Ya nini tena?"

"Mtu huvua akiwa amekaa humo ndani, tundu liko miguuni pake. Kama tumevua hapa, nionyesheni tundu."

Wanaume wanne walikiinamisha. Chini yake barafu ilikuwa nzima, laini kama kioo.

"Labda mlikivuta jana, mkangoja kutoboa leo," alisema Thayer, sauti imepungua.

"Tukivute kwa ubavu? Tazama hiyo mikwaruzo, mwanangu."

Mikwaruzo ilitoka mbali, kwenye tundu la zamani la Armand, ikaja upande upande mpaka hapo. Kibanda kilikaa juu ya miguu ya sleji, mbao ndefu za kuteleza mbele na nyuma tu, na hakuna mtu anayekivuta kwa ubavu. Mvua ya juzi ilikuwa imeganda ikaacha barafu tupu, na upepo wa jana ukakisukuma. Pale pa zamani vilibaki vipande vya mbao ambavyo mwanawe Luc alivitanguliza chini ya kibanda kisigandane na barafu, asikumbuke kukifunga kamba.

"Kwa hilo la kamba nitamsema mimi mwenyewe, nyumbani," alisema Odile.

Thayer alivua kofia. "Nimekosea, mama. Nalisema mbele ya watu wote."

Wendell ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka bega. Walikisukuma mpaka mahali pake, wakataka kuondoka.

"Bado," alisema Odile. "Kigeuzeni. Jina litazame barabarani."