Kazi Yangu ya Kubandika Nyaya Kichwani

Siku ya kwanza nilipewa chupa ya gundi, tepu ya kupimia na koti jeupe lililonipwaya. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa usafi katika wodi hiyo hiyo, hapa Eldoret, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mtafiti Mkuu, daktari mama asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Mzee, una mikono mitulivu. Mengine utafundishwa." Mpaka leo sijui kama alichagua vizuri, lakini namshukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dawa ya kuua wadudu shambani ikimwingia mtu, hutokwa na jasho na povu, mboni za macho huwa ndogo sana, kisha hushikwa na degedege. Madaktari walijua kuokoa pumzi kwa sindano ya atropini. Utafiti wetu uliuliza jambo lingine: na ubongo tutauokoaje, mtu asirudi nyumbani akiwa hai lakini hawajui watoto wake? Mimi nilibandika nyaya kichwani, mashine ikachora mwendo wa ubongo.

Nekesa aliletwa kutoka shamba moja upande wa Cheptiret. Pampu ya mgongoni ilimvujia akinyunyizia nyanya. Kufikia mchana degedege lilikoma, akalala kimya. Sisi wa wodi tulifurahi. Mtafiti Mkuu hakufurahi.

"Mwili umenyamaza. Ubongo, sijui. Mbandike nyaya."

Shida ikawa nywele. Nafula, dada yake, ni msusi mtaa wa Huruma, hapa hapa mjini. Alikuwa amemshonea nywele za bandia kwa ajili ya harusi ya binamu yao, zimekaza, gundi haifiki kwenye ngozi. Nikachukua mkasi. Nafula akasimama katikati.

"Mzee, wewe ni kinyozi ama daktari?"

"Si yeyote kati ya hao, mama."

"Basi weka mkasi chini. Kwetu kichwa kinanyolewa baada ya mazishi. Unamzika nani hapa?"

Desturi hiyo naijua, ni yetu pia. Sikuona kosa lake. Mtafiti Mkuu naye hakumfokea. Alimweleza kwamba degedege linaweza kujificha, mwili umetulia huku ubongo unaendelea kuumia. Mimi nikampa Nafula mkasi.

"Fumua mwenyewe. Hapa na hapa tu."

Akakata uzi pole pole akimnong'oneza dada yake, "Ukiamka usiniulize mimi. Muulize huyu kinyozi wako."

Nilipowasha mashine, mistari iliruka ovyo. "Bado anashikwa," Mtafiti Mkuu akasema, na dawa ya kuzima degedege ikaingia mshipani. Tukangoja. Mistari ikatulia. Nafula akanishika mkono, hivyo hivyo ulivyojaa gundi.

Baadaye nilihamishiwa kazi ya kuwafuatilia wagonjwa nyumbani. Nekesa nilimkuta kwa Nafula, ambaye siku hizo alikuwa amehamia Yamumbi. Kipimo kilikuwa rahisi: unamtajia maneno, mnapiga gumzo, halafu unamuuliza tena.

"Jembe, kanisa, maziwa," Nekesa akajibu. "Na wewe Mzee, ungeyakumbuka bila hiyo karatasi?"

"Usidanganyike," Nafula akasema. "Sufuria anaiacha kwa moto mpaka inaungua. Zamani hakuwa hivyo."

Nekesa akainama. "Ni kweli. Lakini watoto wangu nawajua wote, hata wale wasumbufu."

Nilitamani kuripoti lile jema tu. Mtafiti Mkuu akakataa. "Sufuria pia iandikwe. Na mtu mmoja si jibu, Mzee."

Sasa nimestaafu. Kama Nekesa aliponywa na dawa, au na Mungu, au angepona vivyo hivyo, siwezi kuapa. Wenzangu bado wanatafuta. Ninachojua ni kwamba mtu akikuachia kichwa cha dada yake, na wewe mwenyewe hujui utaona nini, amekupa heshima kubwa. Mimi, na darasa langu la saba, nilipewa heshima hiyo mara nyingi.